Muziki na elimu ya michezo katika mitihani ya sekondari Tanzania

Muziki na elimu ya michezo (huitwa pia *elimu ya mazoezi ya viungo*) ni masomo mawili ya hiari yanayotahiniwa katika shule za sekondari nchini Tanzania. Katika Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne, unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), muziki una namba 017 na elimu ya michezo ina namba 018. Masomo mengine ya kundi hilo ni sanaa za ufundi (016) na sanaa za maonyesho (019). Yote mawili yana upande wa nadharia na upande wa vitendo: mtahiniwa huandika majibu kama katika masomo mengine, tena hutakiwa kuonyesha kwa mwili, sauti au ala kile alichojifunza.

Shule nyingi za Tanzania zina kwaya, ngoma, timu za mpira na mbio za mchakamchaka, lakini ni chache zinazofundisha masomo haya mpaka mtihani wa taifa. Kwa sababu hiyo kipaji cha mwanafunzi kinaweza kujulikana na shule nzima bila kuonekana popote katika cheti chake.

## Somo na shughuli za nje ya darasa

Shughuli za muziki na michezo shuleni ziko za namna mbili. Ya kwanza ni zile za nje ya darasa: kwaya ya shule, vikundi vya ngoma, mazoezi ya jioni na mashindano. Mashindano makubwa zaidi kwa ngazi hii ni UMISSETA, yaani Umoja wa Michezo na Sanaa wa Shule za Sekondari Tanzania. Huanzia shuleni, hupanda wilayani na mkoani, na humalizikia taifani. Humo kuna soka, mpira wa pete, mpira wa wavu, mpira wa kikapu, mpira wa mikono, riadha, na pia kwaya na ngoma. Shule za msingi zina mashindano yao yanayoitwa UMITASHUMTA.

Ya pili ni somo lenyewe. Somo lina muhtasari uliotungwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), vipindi katika ratiba, mwalimu aliyesomea, upimaji wa Kidato cha Pili na mtihani wa Kidato cha Nne. Anayefunga mabao mengi katika UMISSETA hupata kikombe au medali. Anayefaulu somo la elimu ya michezo hupata alama inayohesabiwa pamoja na Hisabati na Kiswahili.

Tofauti hii ina matokeo. Shughuli za nje ya darasa hutegemea nafasi na fedha za mwaka husika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa kwa muda kabla ya kurudishwa. Somo lililomo katika mtihani wa taifa lina ulinzi zaidi, maana mwanafunzi aliyekwisha kuandikishwa kulifanya hana budi kufundishwa.

## Historia

### Jaribio la Malangali

Mfano wa mapema wa kuweka ngoma na michezo ndani ya ratiba ya shule ulitokea katika Nyanda za Juu Kusini. Shule ya Malangali, iliyoko Mufindi katika Mkoa wa Iringa wa leo, ilifunguliwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza mwaka 1928. Mkuu wake, W. Bryant Mumford, alitaka shule ifuate maisha ya Wahehe, Wabena na Wasangu, ambao ndio waliotoa wanafunzi wengi. Wazee walialikwa kufundisha mila, wanafunzi walicheza ngoma za kwao, na kutupa mkuki kulikuwa sehemu ya mafunzo. Mumford alieleza jaribio hilo katika makala yake ya mwaka 1930.

Jaribio halikudumu, na Malangali ilirudi kwenye mtaala wa kawaida wa shule za serikali. Kisa hicho kinataja tatizo ambalo halijaisha. Katika utawala wa kikoloni, kazi ya ukarani au ualimu ilipatikana kwa kusoma, kuandika, kuhesabu na kujua Kiingereza. Ngoma na mkuki vilifundishwa, lakini havikumfungulia mwanafunzi mlango wowote baada ya shule. Mzazi aliyemtoa mtoto shambani alikuwa na haki ya kuuliza faida yake.

### Baada ya uhuru

Kabla ya uhuru na miaka michache baadaye, mitihani ya sekondari ilitoka Cambridge, Uingereza. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na NECTA ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Wakati huohuo siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilisisitiza kazi za mikono. Shule za sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Muziki na michezo havikuwa mchepuo. Viliendelea kuthaminiwa sana kama sehemu ya utamaduni wa taifa, katika vikundi vya ngoma, kwaya za shule na gwaride, lakini kama masomo ya mtihani vilibaki pembeni.

Katika miaka ya 1990 serikali ilitoa Sera ya Maendeleo ya Michezo (1995) na Sera ya Utamaduni (1997), na masomo ya sanaa na michezo yakatajwa kuwa sehemu ya elimu inayotakiwa. Tangu mwaka 2004 Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) uliongeza kwa kasi shule za sekondari za kata. Shule hizo ziliwafikia vijana wengi wa vijijini ambao awali wangeishia darasa la saba. Nyingi zilianza na masomo ya lazima na machache ya hiari, kwa kuwa walimu na vyumba havikutosha.

## Somo la muziki

Muhtasari wa muziki una sehemu nne kubwa: nadharia na uandishi wa nota, usikivu, historia na aina za muziki, na utendaji pamoja na utunzi.

Katika *nadharia*, mwanafunzi hujifunza mistari mitano ya kuandikia nota, funguo, urefu wa nota, skeli, umbali kati ya sauti na upangaji wa sauti nne. Sehemu hii huwashangaza wanakwaya wengi. Kwaya za makanisa na shule nchini huimba zaidi kwa solfa, yaani do, re, mi, fa, so, la, ti, mfumo uliokuzwa Uingereza katika karne ya 19 na John Curwen na kuletwa Afrika na wamisionari. Katika solfa "do" huhama: wimbo ukipandishwa au kushushwa, maandishi hayabadiliki. Katika mistari mitano kila ufunguo una alama zake. Skeli ya G ina shapu moja, skeli ya F ina flati moja. Kijana aliyeimba besi kanisani kwa miaka mitano anaweza kusoma solfa bila kusita na bado akahitaji miezi mingi kuzoea mistari mitano. Hata hivyo hajaanza sifuri. Sikio lake limekwisha kujifunza umbali wa sauti, na kilichobaki ni kujua namna nyingine ya kuuandika.

Katika *midundo*, mfano mzuri ni tofauti ya alama za muda 3/4 na 6/8. Zote zinabeba nota sita za kweva katika kipimo kimoja. Katika 3/4 nota hizo hugawanywa mbilimbili mara tatu. Katika 6/8 hugawanywa tatutatu mara mbili. Ngoma nyingi za Kiafrika huchanganya hesabu hizi kwa wakati mmoja: miguu hufuata mbili, makofi hufuata tatu. Mwanafunzi aliyekulia penye ngoma hulifanya jambo hilo bila kufikiri, ila mtihani humtaka alieleze na kuliandika.

Katika *ala*, wanafunzi hujifunza kuzigawa kwa namna sauti inavyotokea. Mgawanyo unaotumika zaidi duniani ulichapishwa mwaka 1914 na Erich von Hornbostel na Curt Sachs, nao una makundi manne ya msingi:

* ala za nyuzi, kama zeze, na *ligombo* la Wahehe ambalo nyuzi zake hupitishwa juu ya ubao uliochongwa kama hori;
* ala za upepo, kama filimbi, pembe na baragumu;
* ala za ngozi iliyowambwa, yaani ngoma za kila aina, kama *muheme* zinazopigwa na wanawake wa Kigogo;
* ala zinazolia kwa mwili wake zenyewe, kama marimba, kayamba na njuga.

Historia inahusu muziki wa Ulaya na muziki wa Afrika pia. Ngoma za *mganda* na *kioda* za mwambao wa Ziwa Nyasa ni mfano unaofundisha mengi: mganda huchezwa na wanaume na kioda na wanawake, na mistari yake iliyonyooka pamoja na mavazi vinakumbusha gwaride na bendi za kijeshi za zama za ukoloni. Hapo mwanafunzi huona kwamba "asili" nayo ina historia.

Ugumu mwingine ni lugha. Masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili na machache mengine. Mtahiniwa anayejua wimbo kwa Kihehe au Kiswahili hulazimika kuuchambua kwa Kiingereza.

## Somo la elimu ya michezo

Watu wengi hudhani somo hili ni kucheza mpira. Kwa kweli sehemu kubwa ya nadharia yake iko karibu na Biolojia. Mwanafunzi husoma mifupa, misuli, moyo, mapafu, lishe, majeraha na huduma ya kwanza. Husoma pia kanuni za michezo, historia ya Michezo ya Olimpiki, upimaji wa viwanja na uendeshaji wa mashindano. Kwa vitendo kuna riadha, jimnastiki na michezo ya mpira.

Baadhi ya maswali ya somo hili yanaweza kufanyiwa kazi papo hapo uwanjani:

* Mapigo ya moyo. Mwanafunzi huhesabu mapigo kwa sekunde 15 na kuzidisha mara nne. Mapigo 18 ni sawa na 72 kwa dakika. Akihesabu tena baada ya kukimbia na kila dakika ya mapumziko, huona jinsi moyo unavyorudi hali yake. Anayefanya mazoezi mara kwa mara hurudi upesi zaidi.
* Ratiba ya mashindano. Katika mtoano idadi ya mechi ni timu toa moja: timu 8 hucheza mechi 7. Katika ligi ya mzunguko mmoja, zidisha idadi ya timu kwa idadi hiyo toa moja, kisha gawanya kwa mbili: timu 8 hucheza mechi 28. Timu zikiwa 11 katika mtoano, hutafutwa namba 16, na timu 5 hupita raundi ya kwanza bila kucheza.
* Viwanja. Uwanja wa mpira wa wavu ni meta 18 kwa 9. Njia ya ndani ya uwanja wa riadha wa kawaida ina mzunguko wa meta 400, na wakimbiaji wa njia za nje huanzia mbele ili wote wakimbie umbali sawa.

Mikoa ya Iringa na Mbeya inatoa mfano wa ziada. Mji wa Iringa uko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ina msukumo mdogo, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu, na mwili wa anayeishi huko hujirekebisha kwa kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu. Ndiyo sababu wakimbiaji wa masafa marefu hupenda kufanya mazoezi nyanda za juu.

## Alama na madaraja

Katika Kidato cha Nne alama za kila somo hugeuzwa kuwa pointi: A (75–100) ni pointi 1, B (65–74) ni 2, C (45–64) ni 3, D (30–44) ni 4 na F (0–29) ni 5. Daraja la mwanafunzi hutokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi:

* Daraja la I: pointi 7–17
* Daraja la II: pointi 18–21
* Daraja la III: pointi 22–25
* Daraja la IV: pointi 26–33
* Daraja 0: pointi 34–35

Kwa mfano, mwanafunzi mwenye C nne na D tatu ana pointi 12 na 12, jumla 24, nalo ni Daraja la III. Kama moja kati ya D hizo ingekuwa A ya muziki, pointi zingekuwa 21, na angekuwa na Daraja la II. Ufaulu huo pia ungeingia katika hesabu ya masomo matatu yenye C au zaidi, yasiyo ya dini, yanayotakiwa kwa kawaida ili kuchaguliwa Kidato cha Tano.

Faida hiyo ina mipaka. Nafasi ya Kidato cha Tano hutolewa kwa tahasusi, yaani mkusanyo wa masomo matatu. Kwa miaka mingi tahasusi zilizopatikana katika shule nyingi hazikuwa na muziki wala michezo, hivyo mwanafunzi aliyepata A ya muziki aliiacha pale alipovuka kidato.

## Upatikanaji wa masomo: mfano wa Ruaha Mbuyuni

Ruaha Mbuyuni ni kata ya Wilaya ya Kilolo katika Mkoa wa Iringa, mpakani na Mkoa wa Morogoro. Iko bondeni, mahali pa joto penye mibuyu, kando ya Mto Ruaha Mkuu na barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia. Wakazi wengi ni wakulima, na vitunguu vya umwagiliaji ni zao linalojulikana sana. Mazingira yake yanafanana na ya kata nyingi za vijijini, hivyo yanasaidia kueleza kinachohitajika ili masomo haya yafundishwe mbali na miji mikubwa.

Sharti la kwanza ni *mwalimu*. Mwalimu wa sekondari kwa kawaida huandaliwa kufundisha masomo mawili, na vyuo vinavyoandaa walimu wa muziki na michezo ni vichache. Chuo cha Ualimu Butimba mjini Mwanza kimejulikana kwa masomo ya sanaa na michezo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha sanaa bunifu na elimu ya michezo, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira karibu na Arusha kina shahada ya muziki. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981, huandaa wasanii, na Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza, huandaa wataalamu wa michezo. Vyote hivyo viko nje ya Nyanda za Juu Kusini. Kijana wa Kilolo anayetaka kuwa mwalimu wa muziki huenda akasafiri siku nzima au zaidi kufika chuoni, na shule yake ikimpata mwalimu wa namna hiyo, mara nyingi humpangia kufundisha somo lake la pili.

Sharti la pili ni *vifaa*. Kinanda cha umeme, magodoro ya jimnastiki na vitabu ni ghali. Hata hivyo muhtasari haudai kila kitu kitoke dukani. Shimo la kurukia linaweza kuchimbwa na kujazwa mchanga wa mtoni, mkuki wa mazoezi unaweza kutengenezwa kwa mwanzi, ambao ni mwingi katika milima ya Iringa, na njia za kukimbilia zinaweza kuchorwa kwa majivu. Kwa upande wa muziki, ngoma, marimba, filimbi na ligombo ni ala kamili za kujifunzia. Penye fundi wa ala kijijini, shule ina mwalimu wa ziada karibu.

Sharti la tatu ni *imani ya wazazi na wanafunzi*. Si ajabu kusikia muziki ukiitwa uhuni na michezo ikiitwa kupoteza muda. Kauli hizo hazitokani na ujinga tu. Familia inayotegemea msimu wa vitunguu hupima elimu kwa kuangalia kazi itakayopatikana, kama walivyopima wazazi wa zama za Malangali. Mzazi akiona alama ya muziki inampandisha mtoto daraja, na kwamba kuna kozi au kazi mbele yake, hoja hubadilika.

## Mabadiliko ya mtaala

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024. Katika shule za msingi kuna somo la Sanaa na Michezo. Katika sekondari kuna mikondo miwili: elimu ya jumla na elimu ya amali. Sanaa bunifu na michezo ni miongoni mwa fani za amali, pamoja na kilimo, ujenzi na ufundi. Kwa hiyo muziki na michezo sasa vinaweza kusomwa kama masomo ya hiari ya kawaida, na pia kama fani za kuandaa mtu kwa kazi.

Mwezi Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi 65 za Kidato cha Tano, kati yake 49 zikiwa mpya. Tahasusi hizo zimepangwa katika makundi saba, na sanaa na michezo ni makundi mawili kati ya hayo. Tangazo hilo linagusa moja kwa moja tatizo la mwanafunzi aliyelazimika kuacha somo lake baada ya Kidato cha Nne. Utekelezaji unategemea shule zenye walimu na vifaa, jambo linaloirudisha hoja kwenye masharti yaliyotajwa juu.

## Nchi jirani

Nchini Kenya muziki umekuwa somo la Mtihani wa Kidato cha Nne (KCSE) lenye karatasi tatu: utendaji, usikivu, na nadharia pamoja na historia na uchambuzi. Elimu ya mazoezi ya viungo ilikuwemo katika ratiba bila kutahiniwa katika mtihani huo, na mara nyingi vipindi vyake vilitumiwa kwa masomo mengine. Mtaala mpya wa umilisi umeweka sanaa na sayansi ya michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu.

Nchini Uganda muziki hutahiniwa pia, na mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 uliifanya elimu ya viungo kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza.

Mfano wa Kenya unaonyesha kwamba kuwepo kwa kipindi katika ratiba hakutoshi: somo lisilotahiniwa hupoteza vipindi vyake. Mfano wa Tanzania unaonyesha upande wa pili: somo linaweza kuwa na namba yake katika mtihani wa taifa kwa miaka mingi, na bado mwanafunzi wa kijijini asilifikie kwa sababu shule yake haina wa kulifundisha.